Frednand wa Skani na Mimba ya Bihogo

Ukishuka Runazi ukauliza kwa Frednand, utaulizwa Frednand yupi, maana tunao wa kutosha kujaza kanisa. Yupo Frednand wa mashine ya kusaga, yupo Frednand mlevi aliyeacha pombe, na yupo Frednand mlevi ambaye pombe ndiyo imemwacha. Wewe sema Frednand wa Skani. Watakuonyesha kibanda chenye sola juu ya bati, na mlangoni utamkuta mwanaume mrefu, mwembamba, shati limechomekwa, anapuliza vumbi kwenye kioo cha mashine yake kama anayempozea mtoto uji. Huyo ndiye mume wangu.

Usishtuke. Ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu, na kwetu bibi akimwita mjukuu wake wa kiume mume, mjukuu anaitika. Nimemlea tangu hana jino. Meno yake yalipoota yaliota yote siku moja. Asubuhi kibogoyo, jioni anang'ata mahindi ya kuchoma. Binti yangu Tecla, ambaye ni shangazi yake, anasema huo ni uongo. Lakini Tecla siku hiyo alikuwa sokoni, atajuaje.

Kazi ya Frednand ni ya usafi. Mtu analeta cheti cha ubatizo, Frednand anakilaza kifudifudi kwenye kioo, anafunika, na taa inapita chini yake polepole kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi. Cheti kinaingia kwenye kompyuta, na bado unarudi nacho nyumbani. Hilo ndilo lililonisumbua: kitu kimeingia na bado unacho mkononi. Nikamwambia aniskanie sufuria la maharage, liwe huku na kule. Akasema, "Bibi, itaingia picha. Hutaila." Nikaona basi ni mashine ya watu wa ofisini, mimi nina njaa zangu.

Na neno lenyewe limezagaa siku hizi. Nilipokwenda kusajili laini ya simu walitaka kidole, wanakiskani. Changu kilikataa, kimelika kwa jembe. Yule kijana alikifuta na kukifuta mpaka nikamwambia ajaribu cha mguu. Wanawake wenye mimba wanaskaniwa tumbo hospitali. Wapo wanaopita na fimbo inayolia juu ya ardhi, wanatafuta dhahabu, nao wanaskani. Ililia nyuma ya choo chetu, tukachimba kutwa nzima, tukapata kifuniko cha birika. Emilian jirani yetu, alipoanguka kutoka juu ya mparachichi, alipelekwa Mwanza akaingizwa kwenye pango linalozunguka. Likamkata kichwa vipande vipande kama mkate, kwenye picha tu, wala hakuna damu, na daktari akatangaza kuwa ndani hakuna kitu. Mkewe alisema hilo angeweza kuwaambia yeye, wakaokoa nauli.

Sasa Frednand alivuka miaka arobaini hana mke. Si kwamba ni mbaya wa sura. Ni aibu. Akisalimiwa na mwanamke anajibu akitazama mashine. Mpaka siku alipoingia Adventina, fundi cherehani kutoka upande wa Lukole, ameleta cheti chake cha ushonaji kikaskaniwe. Frednand akakiskani. Akasema hakikutoka vizuri. Akakiskani tena. Akasema kona imekatika. Jua lilihama kutoka mlangoni hadi dirishani, na kuna wanaosema lilirudi kuangalia kama amemaliza. Mwishowe Adventina akamwambia, "Kaka, cheti kitachoka. Kama unataka namba ya simu, omba namba ya simu."

Akaomba. Ndivyo nilivyopata mke mwenza.

Tatizo likawa baba yake, mzee Bizimana. Bizimana alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, wakati ule Lukole ni mji wa mahema ya wakimbizi. Wenzake waliporudi yeye alibaki, akalima, akaoa, akazaa mabinti. Frednand alipotuma watu kuuliza mahari, mzee akajibu kwa ufupi: hataki bahasha, hataki godoro, hataki blanketi la bibi. Anataka ng'ombe mmoja, na awe na mimba.

Kwao, mtamba wa kwanza, yaani ndama jike anayezaliwa na ng'ombe wa mahari, hakai kwa baba. Baba anamrudisha, anamfuata binti kwenye nyumba yake, ili binti asiishi kwa watu bila kitu chake zizini. Ndiyo maana mimba ilikuwa jambo kubwa. Na Bizimana alikwishaumwa na nyoka huyo. Kwa binti yake mkubwa, Ineza, aliletewa ng'ombe mwenye tumbo la kutisha, akaambiwa atazaa kabla ya mvua. Mvua ikaja, ikaenda, ikarudi tena. Tumbo lilikuwa majani matupu. Mpaka leo mawifi wa Ineza wanamwita mke wa majani.

"Adventina hataitwa hivyo," Bizimana alimwambia Frednand kwenye simu. "Nithibitishie mimba, upange harusi. Ukishindwa, kuna Wiston wa Ngara, ana zizi zima, ameshatuma salamu."

Frednand alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Bihogo, mwekundu kama vumbi la barabara yetu. Dume la Emilian lilikuwa limemtembelea, na tangu hapo Bihogo amekuwa mpole, anatembea kama mama wa kwaya. Sisi tulijua ana mimba. Lakini kujua kwetu hakufiki Lukole. Basi Frednand akafikiri kwa akili ya kazi yake: uthibitisho ni kitu cha kuskani. Watu wanasema alimpandisha Bihogo juu ya mashine. Watu wana maneno. Mimi nilikuwepo. Aliweka mkia tu.

Adventina alipopigiwa simu akaelezwa habari ya mkia, alisema, "Frednand, mtafute bibi mifugo. Nakuomba. Kabla baba hajasikia."

Bibi mifugo wa Biharamulo anaitwa Claudia, msichana mfupi mwenye pikipiki ndefu. Alikuwa na mashine mpya ya kutazama matumbo ya ng'ombe. Wakapatana siku. Bizimana akasema atakuja mwenyewe kuona kwa macho yake, pamoja na mdogo wake Jean Paul. Ndama akionekana, tarehe ya harusi inatajwa palepale. Asipoonekana, wanaondoka na hawanywi hata maji.

Siku hiyo Tecla aliamka kabla ya majogoo. Kwetu ng'ombe anayekwenda ukweni anaandaliwa kama bibi harusi. Anaoshwa, anapakwa samli mpaka ang'ae, na anapewa maji ya chumvi ili ajae mbavuni asionekane ametoka kwenye nyumba yenye dhiki. Tecla ni mtu wa kukamilisha. Aliweka chumvi, Bihogo akanywa. Akaongeza ndoo, Bihogo akanywa. Ilipofika mahali Bihogo anatazama ndoo kwa huruma, Tecla akamwambia, "Maliza, unakwenda kwa wakwe." Akamaliza. Kisima cha bondeni kilishuka, vyura wakahama.

Wageni wakafika. Bizimana ni mtu mfupi, kofia imenyooka kichwani, anatembea mikono nyuma. Jean Paul alivaa viatu vyeupe, ambavyo kwa kwenda kwenye zizi la mtu ni ujasiri.

"Shikamoo, mzee," Frednand alisema, ameinama mpaka kalamu ikamdondoka mfukoni.

"Marahaba, kijana. Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Nimekuja kwa ajili yako?"

Tukampeleka. Bihogo alisimama kati ya nguzo mbili, anang'aa kwa samli mpaka nzi wanateleza. Bizimana akamzunguka. Akamshika sikio, akamshika nyonga, akatazama kwato. Nilimwona anataka kupenda, anajizuia.

Claudia akavaa glavu ndefu ya kufika begani, akajitundika shingoni kioo kidogo kama simu iliyonenepa, na waya wake mwishoni una kitu kama kidole. Frednand akasogea. Mtu akiona chombo cha kazi inayofanana na yake hawezi kutulia.

"Dada, taa yake inapita wapi?"

"Haina taa, kaka. Huko ndani ni giza na sitaki kuwasha kitu. Hii inatumia sauti."

"Sauti? Mbona siisikii?"

"Ni nyembamba mno, sikio la mtu haliifikii. Inaingia, inagonga kitu, inarudi. Mashine inapima imerudi vipi, inachora. Mfupa unairudisha kwa nguvu, unachorwa mweupe. Maji hayarudishi chochote, yanachorwa meusi."

"Kama popo anavyoruka gizani," Jean Paul alisema.

"Kama popo."

Nikasema kwa Tecla, basi leo Bihogo ameingiziwa popo. Tecla akanifinya ninyamaze.

"Lakini nayo ni skani?" Frednand aliuliza.

"Ni skani. Unapitisha kitu kidogokidogo juu ya kile usichoweza kukiona chote kwa mara moja, halafu unaunganisha. Wewe unatumia taa, mimi sauti, wa dhahabu wanatumia sumaku ya umeme. Sasa nipishe mkia."

Akaingiza mkono. Bihogo akatazama mbele kama mtu aliyeko foleni ya benki. Kwenye kioo yakatokea mawingu, kisha, ghafla, weusi mkubwa ukajaa kioo chote kona kwa kona.

"Ndama," Emilian akasema. "Na mweusi. Nilisema dume langu lina damu kali."

Tecla akapiga kigelegele. Jean Paul akamshika Frednand mkono, akautikisa. Hata Bizimana kofia ililegea kidogo. Frednand yeye alisimama kinywa wazi, na nadhani kichwani alikwisha kufika kanisani, anatafuta pete.

"Subirini," Claudia alisema. "Hicho si ndama. Ni kibofu."

"Kibofu cha ndama?" aliuliza Emilian.

"Cha ng'ombe. Ni mkojo. Sijawahi kuona mkojo wa kiasi hiki."

Kigelegele cha Tecla kilikatikia njiani.

"Na ndama?" Bizimana aliuliza.

"Simwoni, mzee. Sisemi hayupo. Kibofu kimevimba kimesukuma kila kitu pembeni. Huyu amenyweshwa nini?"

Tecla, mtoto wangu, Mungu hakumnyima kitu isipokuwa kujua wakati wa kunyamaza. Akajibu kwa fahari, "Maji ya chumvi. Ndoo kwa ndoo. Nimempa mwenyewe tangu alfajiri."

Pale zizini ukawa unasikia samli ikichuruzika. Bizimana aliiweka kofia yake sawa.

"Mnadani wanafanya hivyohivyo," alisema taratibu. "Ng'ombe mkavu ananyweshwa chumvi, anajaa, anauzwa kwa mjinga. Kwa Ineza nilidanganywa kwa majani. Leo mlitaka kunidanganya kwa maji."

"Mzee, hapana," Frednand alisema. "Ni heshima. Ng'ombe wa ukweni anapewa..."

"Kwetu heshima ni samli. Jean Paul, twende."

"Kaka, gari limekwenda sokoni," Jean Paul alisema. "Litarudi baadaye."

"Basi nitalisubiri getini."

Akaenda getini akatugeuzia mgongo. Claudia akatoa mkono, akasema kwa sauti ya kufika getini, "Akikojoa tu, mzee, nitaona kila kitu. Mimba kama ipo, haitakimbia."

Basi ukoo mzima ukaanza kumbembeleza ng'ombe akojoe.

Claudia alimpapasa chini ya mkia, mahali wanapopapasa wao. Bihogo alipunga mkia, hakutoa kitu. Tecla, ambaye sasa alitaka kujiua kwa kazi, alichukua birika akawa anamwaga maji kwenye beseni karibu na sikio lake, chururu, chururu. Aliyekimbilia chooni ni Emilian. Wakamtembeza kuzunguka zizi. Wakamsimamisha. Wakamwimbia wimbo wa kwaya. Nikashauri aonyeshwe mahali ambapo mwingine amekojoa, wakasema bibi, kaa. Nilikaa. Bihogo naye alifunga milango yote. Ng'ombe akitazamwa na watu wengi hivyo anaona haya kama mtu, na huyu amelelewa na Frednand.

Simu ya Frednand ikalia. Ni Adventina. Aliipokea akiwa ameshika kamba.

"Vipi? Ameonekana?"

"Bado. Tunasubiri akojoe."

"Nani, baba?"

"Bihogo. Baba yako yuko getini, amekasirika. Anasema twende... anasema anakwenda." Alijifuta macho kwa ncha ya kamba. "Adventina, usikubali salamu za Wiston. Nakuomba unisubiri hata kama ni mpaka huyu ng'ombe..."

"Frednand, acha kulia. Umempigia mluzi?"

Hakuwa amempigia mluzi. Akaweka simu mfukoni, akakunja midomo, akapiga. Maskini mume wangu. Mtoto wa skani, mluzi wake ulitoka kama upepo kwenye tundu la bati. Akapiga tena. Kuku wakakusanyika wakidhani wanaitwa kula. Mbuzi wa Emilian akaitikia kutoka ng'ambo ya shamba la mihogo.

Nilikuwa namtazama Bizimana. Mgongo wake ulianza kutetemeka. Mluzi wa kwanza aliuvumilia. Wa pili akatikisa kichwa. Wa tatu aligeuka.

"Unamwita nani, kijana? Polisi?"

"Nampigia mluzi akojoe, mzee."

"Huo ni wa mbuzi. Na ni wa mbuzi mgonjwa." Alikuwa ameshaingia zizini bila kujua amefikaje. "Ng'ombe haamrishwi, anaombwa. Sogea. Nipe kamba. Mwondoe huyu mama na birika lake."

Akasimama ubavuni mwa Bihogo, akaweka kiganja kwenye nyonga, akafumba macho. Akapiga mluzi mmoja mrefu wa chini, unaopanda kidogo na kushuka, kama mtu anayekumbuka njia ya kisima cha kwao. Nilijiambia, mzee huyu ameuleta mluzi huu kutoka Burundi akapita nao mahema yote yale bila kuumwaga. Majani yaliacha kutikisika. Mvua iliyokuwa inakuja kutoka Ngara ilisimama njiani isikilize, na Nyakahura waliikosa jioni ile, waulizeni.

Bihogo akapanua miguu.

Sitaki kusema uongo. Yalikuwa mafuriko. Yalianza, yakaendelea, tukatazamana, yakaendelea. Emilian alirudi kutoka chooni akayakuta bado. Bata waliteremka wakaogelea. Viatu vya Jean Paul viliingia vyeupe vikatoka na rangi ambayo hatujaipa jina, naye alisema tu, "Sawa, sawa," kama mtu anayepokea msiba.

Claudia akavaa glavu nyingine, akaingiza mkono tena. Bizimana mwenyewe ndiye aliyeshika mkia. Kwenye kioo mawingu yalisogea, yakasogea, na kati yake kikatokea kiduara cheusi kidogo, chenye adabu. Ndani yake palikuwa na kitu cheupe kama punje ya haragwe. Na katikati ya haragwe kitu kinapepesa.

"Huyo," Claudia alisema.

"Kinachopepesa ni nini?" Bizimana aliuliza. Alikuwa amesogeza uso mpaka pua inakaribia kioo.

"Moyo, mzee."

"Mbona una haraka hivyo? Nani anamkimbiza?"

"Wote wanaanza hivyo."

Akavua kofia. Alitazama muda mrefu, mkia bado mkononi, na midomo inacheza. Frednand hakutazama kioo. Alikuwa anamtazama mzee, kama anavyotazama mashine yake taa ikipita, akisubiri iseme imekamilika.

"Mtamba au dume?" mzee aliuliza mwishowe.

"Bado mapema. Nikija tena baada ya wiki kadhaa naweza kujaribu kuangalia."

Frednand akauliza, "Mzee, na likiwa dume?"

"Likiwa dume, atazaa tena. Ng'ombe anazaa mara moja?" Bizimana akampa Tecla mkia aushike, akajifuta mikono. "Harusi baada ya mavuno ya maharage. Mama, nasikia kiu. Lakini usiniletee yenye chumvi."

Tecla alikimbia kuleta pombe ya ndizi, akilia na kucheka. Frednand akatoa simu mfukoni amwambie Adventina, akakuta haijakatwa. Alikuwa amesikia yote, pamoja na mafuriko.

Tulipokuwa tunakunywa, Jean Paul, soksi zinaning'inia uani, akasema ana rafiki mwenye Fuso, Jumamosi anaweza kuja kumbeba ng'ombe mpaka Lukole. Bizimana akaweka kikombe chini.

"Fuso?"

"Ndiyo, kaka."

"Kwa barabara ile? Na haragwe lile ndani?" Alimtazama mdogo wake kama aliyependekeza wamchinje. "Huyu ng'ombe hasafiri."

"Basi tufanyeje, mzee?" Frednand aliuliza. "Ni ng'ombe wako."

"Ni wangu. Utanichungia hapahapa mpaka azae na ndama aache kunyonya. Nikisikia amepewa ndoo ya chumvi, namrudisha binti yangu nyumbani."

Hivyo ndivyo mume wangu alivyotoa mahari bila ng'ombe kutoka zizini, akapata mke, na akaajiriwa kuchunga ng'ombe wa baba mkwe bila mshahara. Harusi ilikuwa baada ya maharage, kama mzee alivyosema. Mke mwenzangu ameweka cherehani yake kwenye kibanda kilekile, yeye upande wa dirisha, Frednand upande wa mashine. Frednand siku hizi anawasalimia wanawake wote akiwatazama usoni, mpaka Adventina amemwambia apunguze.

Juzi tu nilikuwa pale nimekaa kizingitini. Kuna mwalimu ameleta barua yake, imefunikwa kwenye mashine, taa imefika katikati. Simu ikalia. Frednand akaitazama, akasimama wima, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe wangu anafanya nini?"

"Amelala nyuma ya kibanda, baba, anacheua."

"Nisikie."

Frednand akamwambia mwalimu samahani, akatoka, akazunguka nyuma ya kibanda, akachuchumaa matopeni na shati lake lililochomekwa, akaweka simu kwenye mdomo wa Bihogo. Tukasikia kwa muda Bihogo anacheua, na Lukole wanasikiliza.

"Anatafuna upande mmoja," Bizimana alisema. "Mgeuze."

"Ndiyo, baba," Frednand akasema, akaanza kusukuma.